Gari Lililolala na Ng'ombe

Mtu aliyeibiwa huwa na haraka ya kukuonyesha mahali alipoibiwa. Mzee Machage wa Kewanja hakuwa na haraka hata kidogo. Alimpokea Sajini Simioni kwenye lango la boma, akamketisha kwenye kigoda, akamwulizia habari za mvua za kwao Issenye, kisha akamwagiza mkewe alete maziwa ya mgando. Simioni alikunywa, maana kukataa maziwa ya Mkurya ni kutafuta ugomvi, na ugomvi yeye alikuwa nao wa kutosha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Gari la Machage, gari pekee la mtu mweusi kutoka Kewanja mpaka mtoni Mara, lilikuwa limetoweka juzi usiku. Alama za matairi zilifuatwa hadi Nyakunguru, zikapotelea katika shamba la mzee mmoja aitwaye Kisyeri. Mtoto wa Kisyeri, kijana aitwaye Heche, alikamatwa jana, akafungiwa katika chumba cha mahabusu pale barazani kwa Chifu. Lori la kumpeleka Musoma lilikuwa linakuja kesho asubuhi.

Inspekta, Mzungu aliyekuwa mkubwa wake Simioni, alikuwa amekwisha tamka mbele ya umati: mwizi akipatikana, atafungwa, asipopatikana, Nyakunguru nzima itamlipa Machage kwa ng'ombe. Ndiyo desturi ya kule tangu zamani, na serikali ilipoikuta ikaipenda, kwa sababu inapunguza kazi. Nyayo za mali ya wizi zikiingia kijijini, kijiji hicho huzipokea na kuzifuata mpaka kionyeshe zilikotokea. Kikishindwa, mzigo ni wake. Desturi ilitungwa kwa ajili ya ng'ombe. Sasa iliambiwa ibebe na gari.

Heche alikuwa hajafungua kinywa tangu akamatwe. Simioni alikaa naye jana jioni, akamwuliza hili na lile, akatoka na hakika moja tu, kwamba yule kijana hajaiba kitu. Lakini hakika ya sajini haimtoi mtu mahabusu, naye alikuwa na mchana huo mmoja wa kutafuta kitu cha kuiwekea miguu.

"Mzee, maziwa mazuri," alisema, akarudisha kibuyu. "Sasa nionyeshe lilikokuwa linalala."

Machage aliinuka taratibu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la jeshi lililoshonwa viraka, maana alikuwa dereva wa jeshi kule Burma na hakutaka mtu asahau. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja mchimba dhahabu aliyeondoka baada ya vita: gari kuukuu, kichwa cha chuma, mgongo wa mbao, la kuwashwa kwa kuzungushwa chuma mbele. Alimwongoza Simioni mpaka katikati ya boma, kwenye zizi.

"Hapa," alisema. "Katikati ya ng'ombe. Magogo langoni, kama unavyoyaona. Mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, ukafungwa kwenye mti huu kwa kufuli. Mbwa watatu. Na bado nikaona haitoshi." Alivuta kamba shingoni, kikatoka kifuko cha ngozi. Ndani yake kulikuwa na kidude cheusi, kidogo kuliko kidole gumba. "Madereva tunakiita rota. Ndicho kinachogawa moto kwenye injini. Nilikitoa, nikakivaa. Bila hiki gari haliwaki, hata aje aliyelitengeneza."

"Na bado limeondoka."

"Limeondoka. Wezi wana dawa, mura, kijana wangu. Wewe ni Mnata, ninyi mmezoea kufukuzana na nyumbu, hamjui wezi wa huku. Mbwa hawakubweka. Wake zangu walilala fofofo. Mimi mwenyewe niliamka jua limeshapanda, nikakuta mnyororo umekatwa kwa tupa na magogo yamewekwa kando."

"Ukapiga yowe."

"Nikapiga yowe."

"Kabla ya kuwatoa ng'ombe, au baada?"

Machage alimtazama. "Ng'ombe walikuwa wameshatoka. Ng'ombe hawangojei polisi."

Simioni alitembea mpaka langoni, akapitisha kiganja kwenye nguzo ya kulia, kisha ya kushoto. Lango lilikuwa jembamba. Gari lenye mgongo wa mbao lingepita hapo kwa kubakiza nafasi ya ngumi kila upande. Nguzo hazikuwa na mkwaruzo, wala rangi, wala kibanzi cha mbao.

"Ulianza lini kulilaza humu?"

"Masika."

"Na kabla ya masika?"

"Pale nje, karibu na nyumba ya mke mkubwa. Nikaona wezi wamezidi, nikaliingiza. Hata kuliendesha niliacha. Gari kuukuu, vipuri huwezi kuvipata. Ukipita nalo kila siku watu wanalitamani. Nikasema bora nilitunze."

Hilo Simioni alikuwa amelisikia njia nzima. Kila aliyemsimamisha alimwambia jinsi Machage anavyolitunza gari, wengine wakicheka, wengine wakimsifu. Hakuna aliyesema amelipanda siku za karibuni. Wale waliolipanda zamani wote walikumbuka jambo moja: lilikuwa linavuja oili vibaya, kila liliposimama liliacha dimbwi jeusi, na wanawake walikaripia watoto wasikanyage.

"Naomba jembe," alisema Simioni.

"Jembe la nini?"

"La kuchimbia."

Machage aliangua kicheko. "Wazungu wameshachimba dhahabu nchi hii mpaka wamechoka, wewe unakuja kuitafuta kwenye mavi ya ng'ombe wangu." Lakini jembe likaletwa.

Simioni alivua kofia, akachutama pale magurudumu ya mbele yalipokuwa yamesimama, akaanza kukata taratibu. Juu palikuwa na samadi mbichi ya jana. Chini yake tabaka kavu, nene, lililosukumwa na kwato chini ya gari mpaka likawa gumu, la rangi ya majani makavu. Alilibandua kipande kizima, akakigeuza. Kilikuwa safi. Chini yake ndipo alipokuta udongo mweusi, wenye mafuta, unaonuka gereji.

Alikaa akiutazama muda mrefu. Samadi hupanda siku kwa siku, haiwezi kumsingizia mtu. Gari lilipoingizwa zizini masika lilivuja kidogo, likaacha. Miezi yote iliyofuata ng'ombe walilirundikia mavi kwa pembeni na kwa chini, na halikutoa hata tone. Gari kuukuu halijiponyi. Likiacha kuvuja, ujue limekwisha kilichokuwa kinavuja, na injini isiyo na oili ni chuma cha kuuza kwa mizani.

"Unaona nini?" aliuliza Machage. Alikuwa ameacha kucheka.

"Oili."

"Gari lina oili. Ulitaka lipakwe samli?"

"Sawa mzee." Simioni alijipangusa mikono. "Huku kwenu, nani mwingine anajua kushika usukani?"

"Hakuna," alisema Machage, na kifua kikatuna. "Kuanzia hapa mpaka Tarime, ni mimi peke yangu." Alipokwisha kusema alibaki mdomo wazi kidogo, akaufunga, na tangu hapo akawa mtu wa kuitikia tu.

Mke mdogo wa Machage, Wegesa, alikuwa nyuma ya nyumba akisugua vibuyu kwa majivu. Simioni alichuchumaa mbali kidogo naye, kama inavyompasa mgeni.

"Mama, habari za hapa?"

"Nzuri, baba."

"Juzi usiku ulisikia nini?"

"Nililala."

"Usingizi wa dawa?"

"Ndivyo alivyosema mwenye mji."

"Na wewe unasemaje?"

Alisugua kibuyu. "Mimi nasema nililala."

"Mara ya mwisho kulisikia gari linanguruma ni lini?"

Wegesa aligeuka kutazama upande wa zizi. Machage alikuwa amesimama kule, anapanga magogo ambayo hayakuhitaji kupangwa. "Tulimpeleka mama mkwe hospitali Tarime, mwanzo wa masika," alisema kwa sauti ya chini. "Wakati wa kurudi likalia kwa ndani, kishindo kimoja, moshi ukajaa. Tukalala njiani. Kesho yake maksai wakalivuta mpaka nyumbani, usiku, ili watu wasione. Akasema ni aibu ya dereva."

"Maksai wa nani?"

"Wake."

"Halijawaka tena?"

"Mwanangu anaoa baada ya mavuno," alisema Wegesa, kama ndilo swali aliloulizwa. "Wenye binti wanataka ng'ombe wengi. Umeliona zizi, baba, umewaona waliomo. Usiniulize tena."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

Kwa mara ya kwanza mama yule alimtazama machoni. "Nikishayasema nitalala wapi?"

Simioni alimshukuru, akachukua baiskeli yake.

Kutoka Kewanja njia inashuka mpaka kwenye kijito, halafu inapanda kwenda Nyakunguru. Mpaka kijitoni hapakuwa na la kusoma: ng'ombe wa Machage walikuwa wamepita kwenda kunywa, wakasaga kila kitu. Lakini ng'ambo ya maji alama zilikuwa wazi, tena zimehifadhiwa vizuri, kwa sababu Wakurya wakifuata nyayo hawazikanyagi. Umati mzima ulikuwa umepita pembeni, mguu mbele ya mguu, na katikati ukaacha mistari miwili ya matairi ya gari kuukuu, moja limekwisha meno kabisa.

Katikati ya mistari ile kulikuwa na kwato. Wafuatiliaji walikuwa wameziona. Walimwambia jana ni ng'ombe wa Machage waliovuka asubuhi kunywa. Simioni aliweka baiskeli chini, akatambaa kwa magoti. Ng'ombe anayekwenda kunywa hutangatanga, huyu huku, yule kule. Hawa walikuwa wawili, wanakwenda bega kwa bega, hatua zao sawa, na ncha za kwato zimezama chini huku visigino vikigusa juujuu tu. Ng'ombe hachimbi kwa ncha ila anapovuta. Akaendelea kutambaa mpaka akapata alichokuwa akikitaka: kwato moja imekanyagwa na tairi, nusu yake imefutika. Gari lilipita juu ya unyayo wa ng'ombe. Ng'ombe alitangulia, gari likafuata.

Kwa hiyo lilivutwa. Mbwa hawakubweka kwa sababu waliofanya kazi walikuwa wenyeji wao. Nguzo hazikukwaruzwa kwa sababu aliyeshika usukani alilijua lango. Mtu alikuwa amelivuta gari lililokufa mpaka kwenye ardhi ya wengine, ili wengine walilipe likiwa hai. Simioni alisimama katikati ya njia akawa anatabasamu peke yake. Furaha ya kazi iliyokaa sawa ilimshika, akapanda baiskeli, akakanyaga kwa nguvu kama kijana. Ndiyo furaha ya mwisho aliyoipata siku ile.

Alimkuta Kisyeri shambani kwake, ameketi kwenye mabua ya ulezi, kichwa mikononi. Mzee alikuwa hajalala wala kula. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja kuhesabu ng'ombe?"

"Nimekuja kumtoa mwanao. Hajaiba, najua. Gari lilivutwa na maksai kutoka kwa Machage mwenyewe. Nina alama kijitoni, nina samadi, nina lango. Kilichobaki ni kimoja. Alama zinaingia shambani kwako halafu hazipo. Zilikwenda wapi?"

Upepo ulipita katika mabua. Shamba lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, lilikuwa limekanyagwa na ng'ombe, si kwa kulisha, maana mabua mengi yalikuwa yamelala bila kuliwa. Simioni alilitazama, kisha akamtazama mzee.

"Mzee Kisyeri. Nani aliyewapitisha ng'ombe hapa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi ile. Kabla ya yowe. Nilitoka kwenda haja nikaona alama za gari shambani kwangu. Mimi sina gari. Nikajua nimekwisha." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nikamwamsha Heche. Tukafungua zizi, tukawapitisha huku, tukawarudisha, tukawapitisha tena, mpaka hakuna kitu."

"Ungepiga yowe. Ungewaita majirani, mzipokee, mzifuate wote. Desturi ingekulinda."

"Najua."

"Unajua, halafu ukafuta?"

"Niliogopa," alisema Kisyeri. "Baba yangu alilipishwa ng'ombe hivyohivyo, nyayo zimeingia hazikutoka. Nilikuwa mdogo nikawaona wanaswagwa. Nilipoona matairi sikukumbuka desturi, nilikumbuka wale ng'ombe. Heche aliniambia, baba, tupige yowe. Nikamwambia nyamaza. Ndiyo maana mpaka sasa amenyamaza."

Simioni alikaa chini kando yake. Alijikaza asiseme neno baya, maana mzee alikuwa ameshajisemea yote. "Basi uliziona kabla ya kuzifuta," alisema mwisho. "Zilielekea wapi?"

Mzee alinyoosha mkono bila kutazama. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na shimo la dhahabu, mojawapo ya yale yaliyoachwa na Wazungu kabla ya vita, limejaa maji meusi na magugu. Simioni alikata mti mrefu, akauzamisha karibu na ukingo. Mti uligonga kitu, ukalia bati. Akausogeza. Bati tena, halafu mbao.

Alirudi amelowa mikono. "Liko hapo."

"Najua liko hapo. Nililiona."

"Tukilitoa, injini itaonyesha imekufa tangu masika. Hiyo ndiyo kinga yenu."

"Wewe ni mtu mwema," alisema Kisyeri, "lakini fikiri. Gari la Machage limetoka kwenye shimo la Kisyeri. Nani atatazama injini? Watauliza nani alifuta alama. Nitasema mimi. Iritongo itakaa, baraza la wazee wote wa huku na wa kule, na nusu yao ni ukoo wa Machage. Ukilitoa gari hapo, umetumaliza."

"Nisipolitoa, wanachukua ng'ombe."

"Hawachukui, kama mwizi amepatikana," alisema mzee, na hapo akaanza kulia, bila sauti, machozi yakipita kwenye mikunjo ya uso. Simioni hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikimbilia baiskeli.

Inspekta alikuwa ameketi barazani kwa Chifu, kwenye kiti cha turubai, anasafisha kiko. Kiswahili alijifunza kitabuni, na alikisema polepole kama anakisoma.

"Sajini. Umechelewa. Kazi imekwisha."

"Imekwisha vipi, Bwana?"

"Yule kijana amekiri. Aliomba mwenyewe kuonana na mimi saa sita. Aliiba peke yake, kijiji hakikujua. Kwa hiyo kijiji hakitalipa. Ni jambo zuri kwa watu wote."

"Hakuiba, Bwana." Simioni alisimama wima, akaeleza. Alieleza oili chini ya samadi, kwato chini ya tairi, nguzo zisizo na mkwaruzo, na usukani ambao nchi nzima anaujua mtu mmoja. Wegesa hakumtaja, wala shimo. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho. Hilo lazima tumkubalie.

"Ni mawazo mazuri," alisema. "Lakini huyo kijana ana maksai?"

"Wanao, Bwana. Wa kulimia."

"Basi gari lilivutwa na maksai wake. Kuhusu nguzo, alikuwa na bahati. Kuhusu oili, mzee hakuliendesha gari, kwa hiyo halikuvuja. Mimi nina mtu aliyekiri. Wewe una mavi ya ng'ombe. Shahidi unaye?"

Simioni alimwona akilini Wegesa na vibuyu vyake. "Sina, Bwana."

"Gari liko wapi?"

Simioni akajaribu njia ya pembeni. "Bwana, tuseme gari linaonekana ndani ya Nyakunguru. Injini imekufa, haina hata tone. Ingekuwaje?"

"Ningejua kwamba Nyakunguru walilificha, na kwamba kijana hakuwa peke yake. Ng'ombe wangechukuliwa, na yeye angefungwa vilevile, pamoja na waliomsaidia." Inspekta aliweka kiko mdomoni. "Kwa nini? Umeliona?"

"Hapana, Bwana," alisema Sajini Simioni, ambaye katika miaka yake yote ya upolisi alikuwa hajapata kumdanganya mkubwa wake.

Heche alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mwanga wa jioni uliingia kwa dirisha dogo la juu. Alikuwa kijana mpana, mwenye mikono ya kulimia, na alipomwona sajini alitabasamu kidogo.

"Nimefika kwenu," alisema Simioni, akafunga mlango nyuma yake. "Baba yako ameniambia. Najua aliyeliiba gari, najua alivyoliiba, najua liliko."

Tabasamu likapotea. "Umewaambia?"

"Bado."

"Usiwaambie, afande."

"Heche, sikiliza. Musoma utamkuta hakimu mwingine, hakujui, hamjui Machage. Ukikana kule, nami nikasimama nikaeleza, huenda..."

"Huenda," alisema Heche. "Na nikikana, mwizi hayupo. Mwizi asipokuwepo, Inspekta anatuma askari Nyakunguru siku hiyohiyo. Wewe utakuwa Musoma unaeleza, ng'ombe watakuwa njiani wanaswagwa. Siyo wa kwetu tu, wa kijiji kizima. Wakishaingia zizini kwa Machage, hakimu atawarudisha?"

Simioni alijua jibu, na Heche alijua kwamba analijua.

"Wale ng'ombe ndio watoto wanaokunywa maziwa," aliendelea kijana. "Ndio dada zangu walioolewa. Nikirudi kutoka jela nitakuta kijiji. Nikikana, nitarudi nikute mabua. Halafu wamfunge na baba, yule mzee, kwa kufuta alama? Hatamaliza mwaka kule."

"Mchumba wako je?"

"Hatanisubiri," alisema Heche, na sauti ikamvunjika kwa mara ya kwanza. Akajipangusa kwa mkono. "Nimeshalizungumza hilo na nafsi yangu. Wewe nenda, afande. Umejitahidi."

Simioni alibaki amesimama. Alikuwa na kesi nzima mkononi, kila kipande kimekaa mahali pake, na hakuwa na mtu wa kumpa. Nje Inspekta alikuwa anamwambia dereva wake apange vitu. Kesho angepita Kewanja kumwona Machage, kumfariji. Simioni alitazama mlango. Kisha akachuchumaa mbele ya kijana, karibu kabisa, akapunguza sauti.

"Hakimu wa Musoma si kama huyu," alisema. "Mtu akikiri, humwuliza alivyofanya, hatua kwa hatua. Akiona hujui, atasema umekiri kwa kulazimishwa, ataagiza uchunguzi uanze upya. Wataanza na shamba la baba yako. Unanielewa?"

Heche aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Niambie ulivyoliiba."

"Nilikata mnyororo kwa... kwa panga."

"Kwa tupa. Ulikuwa na tupa ya kunolea jembe. Endelea."

"Nikafunga maksai, nikalivuta."

"Mbwa?"

"Mbwa..." Heche alisita.

"Uliwapa nyama. Langoni nani alishika usukani?"

"Mimi."

"Maksai nani aliwaongoza, nawe uko peke yako?"

Kijana alimtazama. Simioni alifikiri kidogo. "Hawakuhitaji kuongozwa," alisema. "Ni maksai wa kulimia, ukiwaita kwa sauti wanakwenda. Wewe ulikuwa umekaa ndani, unawaita. Ulikaa upande gani? Usukani uko wapi?"

Heche alifumba macho. Gari lile alikuwa hajapata kulipanda. Tangu utoto alilisubiri njiani pamoja na wenzake, akaliona likimjia kwa mbele, na Machage amekaa ndani na koti lake la jeshi.

"Kushoto," alisema.

"Kulia," alisema Simioni. "Useme kulia."

"Kulia."

"Na gari ulilipeleka wapi?"

"Sijui niseme wapi."

"Ulilitosa mtoni Mara. Pale juu ya maporomoko, penye mamba, ili asipatikane mtu wa kushuka kulitafuta." Alikaa vizuri sakafuni, akaweka kofia yake kando. "Sasa anza mwanzo, mimi ndiye hakimu."

Heche akaanza mwanzo, na pale alipokosea Simioni alimsahihisha, kisha akamwambia aseme tena.